Filamu sita zilizosahaulika kwenye kisanduku kimoja: je, zinafaa kwa kundi la kutazama na kujadili?

Desemba 2013 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa kisanduku cha kwanza cha Martin Scorsese's World Cinema Project. Ndani zimo filamu 6 kutoka nchi 6: Redes ya Mexico (1936), Hanyo ya Korea Kusini (1960), Susuz Yaz ya Uturuki (1964), Touki Bouki ya Senegal (1973), Titas Ekti Nadir Naam ya Bangladesh (1973) na Trances ya Morocco (1981). Jaladani tatu kati ya hizo zimeandikwa kwa majina ya Kiingereza, yaani The Housemaid, Dry Summer na A River Called Titas, kwa hiyo usihangaike kutafuta jina la Kikorea mgongoni mwa kisanduku. Zote zimerejeshwa upya na mradi alioanzisha Scorsese, muongozaji filamu wa Marekani, mwaka 2007 ili kuokoa filamu za nchi ambazo mara nyingi hazina fedha wala maghala ya baridi ya kutunzia negativu, yaani filamu ya awali iliyotoka kwenye kamera.

Tumekipima kisanduku hiki kwa matumizi mamoja tu: kundi la watu wazima 8 hadi 14, wanaokutana mara moja kwa mwezi, wanatazama filamu nzima halafu wanaijadili usiku huohuo. Filamu zenyewe zinafaa mno. Kisanduku, kwa upande wake, kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyejikalia sebuleni kwake Marekani, anayesoma Kiingereza kwa kasi na ambaye umeme wake haukatiki. Kazi ya kuziba pengo hilo inamwangukia mwendeshaji wa kundi, na ni nyingi kuliko watu wanavyodhani wanapolipa.

Kabla ya kulipa, angalia deki

Kosa linaloumiza wanunuzi wengi ni la kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imeruhusiwa kucheza. Diski za Blu-ray za Criterion zimefungwa kwa kanda A, ambayo ni ya Marekani, Japani na Korea. Afrika Mashariki, Oman na nchi za Ghuba pamoja na Ulaya ziko kanda B. Deki ya Blu-ray iliyonunuliwa Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au London kwa kawaida itaitemea diski hii ujumbe wa kukataa, na hakuna kitufe cha rimoti kitakachoibadili mawazo. Waswahili walioko Marekani na Kanada hawana shida hii.

Kinachookoa ni kwamba kisanduku hiki kina nakala mbili za kila filamu: Blu-ray 3, kila moja ikiwa na filamu 2, na DVD 6, filamu moja kwa diski. DVD nazo zina kanda zake (Marekani ni 1, Afrika Mashariki ni 5), lakini deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo au River Road hazijali kanda. Usiamini neno la muuzaji; nenda na DVD yoyote halisi ya Marekani, iweke, uone kama inacheza. Kwa kompyuta, programu ya VLC mara nyingi huisoma DVD bila kuuliza kanda. Ila mfumo wa kompyuta ukikuuliza kama unataka kubadili kanda ya kisomeo, fikiri kwanza: unaruhusiwa mara 5 tu, na mara ya mwisho kinabaki hapo kilipo daima.

Kuna jambo la TV pia. DVD hizi ni za NTSC, mfumo wa TV wa Marekani. TV bapa za siku hizi hazina tatizo, lakini TV ya chogo inayojua PAL (mfumo wa huku) peke yake itaonyesha picha bila rangi au inayorukaruka. Touki Bouki ni filamu ya rangi kali; ukiiona ni nyeusi na nyeupe, kosa ni la TV.

Blu-ray ina picha kali zaidi, hilo halina ubishi. Kwenye shuka la mita 2 tofauti inaonekana wazi katika Redes, ambayo imepigwa kwa jicho la mpiga picha. Lakini kwa kundi linaloanza, DVD inayocheza ni bora kuliko Blu-ray inayogoma.

Chumba, picha na sauti

Projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 2,500 hadi 3,000 inatosha ikiwa chumba kina giza la kweli. Filamu 4 kati ya 6 ni nyeusi na nyeupe, na nuru ya dirishani huzigeuza kijivu kitupu. Pazia jepesi la maua halitoshi, tundika blanketi. Ukingo wa chini wa picha uwe angalau mita 1.2 kutoka sakafuni. Wengi hupuuza hili, kisha wanashangaa kwa nini watu wa nyuma wamenyamaza wakati wa majadiliano: maandishi ya tafsiri yako chini kabisa ya picha, na vichwa vya safu ya mbele vimeyameza.

Redes, Titas na Touki Bouki zina umbo la picha lililo karibu na mraba, kwa hiyo kutakuwa na pau nyeusi kulia na kushoto. Lazima atatokea mtu wa kusema picha haijajaa na kushika rimoti ili aivute. Mzuie. Picha ikivutwa pembeni, watu wananenepa; ikikuzwa, vichwa vinakatwa juu na maandishi yanapotea chini. Kwenye TV zima pia ule mfumo wa kulainisha mwendo (Samsung huuita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion), maana unafanya filamu ya 1960 ionekane kama tamthilia ya jana.

Sauti ya filamu hizi za zamani ni ya mkondo mmoja. Maana yake spika moja nzuri iliyowekwa chini au kando ya picha inashinda sabufa yenye spika 5 zilizotawanywa chumbani. Kama una sabufa tu, punguza besi karibu na sifuri, la sivyo mazungumzo yatavuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Isipokuwa Trances: hiyo ni filamu ya muziki, besi irudi juu kidogo.

Umeme ukikatika, projekta ya taa ya balbu huumia kwa sababu feni inazimika wakati balbu bado ina moto mkali. UPS ndogo haitakumalizia filamu. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuizima kwa utaratibu. Andika dakika mliyofikia kwenye karatasi, maana deki nyingi hazikumbuki.

Mpangilio wa kuzitazama

Usifuate mpangilio wa kisanduku wala wa miaka. Anza na Susuz Yaz.

Ni filamu ya dakika 90 hivi, ya Metin Erksan, iliyopata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1964. Hadithi yake inaeleweka hata maandishi yakikupita: ndugu wawili, Osman na Hasan, wana shamba lenye chemchemi. Kiangazi kinakuja, Osman anaziba maji yasishuke kwa majirani. Hasan, mdogo, anampinga kwa maneno lakini hamzuii kwa vitendo. Ugomvi unazaa kifo, na kaka mkubwa anamshawishi mdogo abebe kesi kwa hoja kwamba yeye ni kijana, atahukumiwa kidogo. Hasan akiwa jela, Osman anabaki nyumbani na Bahar, mke wa mdogo wake.

Kwa msomaji wa huku, nusu ya kazi imeshafanyika. Mtu aliyekulia mlimani Kilimanjaro anaujua mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, anajua zamu za maji na anajua kinachotokea mtu wa juu akiufunga usiku. Swali la kwanza la majadiliano ni rahisi na linachoma: maji yanayobubujika kwenye shamba lako ni ya nani? Waache walumbane hapo robo saa. Kisha rudisha tukio moja, lile Bahar anapoumwa na nyoka na Osman anaifyonza sumu mguuni mwake. Litazameni mara mbili, mara ya pili bila sauti. Je, anaokoa au anachukua? Erol Taş, aliyecheza Osman, anafanya yote mawili kwa wakati mmoja, na kundi likiliona hilo limeshajifunza kutazama uso badala ya kungoja maneno. Ndiyo sababu tunaiweka kwanza.

Ya pili, Hanyo ya Kim Ki-young. Mwalimu wa muziki anayefundisha wasichana wa kiwandani amejenga nyumba ya ghorofa; mke wake anajichosha kupita kiasi kwa kushona na cherehani ili nyumba imalizike; wanaajiri msichana wa kazi. Hapo hapo chumba kitachemka, kwa sababu kila aliyekaa kwenye kiti aliwahi kuwa na hausigeli, au alikuwa hausigeli, au ni mtoto wa aliyekuwa hausigeli, na mara nyingi hawa watatu wamekaa safu moja. Mwendeshaji ajue hilo kabla.

Wape watazamaji kazi mapema. Nusu ya kundi wahesabu kila mtu anapopanda au kushuka ngazi, nusu nyingine waangalie milango na madirisha ya kioo: nani yuko nje akichungulia. Filamu nzima imejengwa juu ya ngazi ile. Bong Joon-ho, aliyeongoza Parasite, anaizungumzia filamu hii kwenye mahojiano yaliyomo ndani ya diski, na aliyeona nyumba ya Parasite ataelewa deni liko wapi. Mtoto wa kiume wa nyumba ile ni Ahn Sung-ki, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa Korea.

Mambo mawili ya kutahadharisha. Kwanza, kuna mahali picha inachakaa ghafla na kuonekana na ukungu. Si diski mbovu. Rili 2 za negativu zilipotea, na zilipopatikana mwaka 1990 zilitoka kwenye nakala iliyoandikwa tafsiri ya Kiingereza kwa mkono juu ya picha. Mafundi waliyafuta maandishi hayo picha kwa picha, na makovu yamebaki. Sema hili kabla ya kuanza, usikatishe katikati. Pili, mwisho wake una mgeuko unaowakera watu wengi. Aliyeiona asiseme. Na ukimaliza usiwashe taa haraka. Waache wakereke kwanza, ndiyo majadiliano yenyewe.

Ya tatu, Redes, saa 1 tu. Jina lake ni nyavu. Ilipigwa Alvarado, Veracruz, na wavuvi wenyewe wa pale ndio waigizaji wengi. Mtoto wa mvuvi anafariki kwa kukosa hela ya matibabu huku tajiri mwenye boti na nyavu akipanga bei ya samaki atakavyo. Anayelijua soko la samaki la Kirumba Mwaloni, Mwanza, au la Feri, Dar es Salaam, hahitaji maelezo ya ziada. Tuseme ukweli: uigizaji ni mgumu kama ubao, na hotuba ya mgomo ni ya jukwaani. Uzito wake uko kwenye picha za Paul Strand na muziki wa Silvestre Revueltas. Strand alikuwa mpiga picha za mnato, Fred Zinnemann alikuwa muongozaji aliyetaka mwendo, na mvutano wao unaonekana: kuna picha zinazosimama tuli kama za ukutani, halafu ghafla nyavu zinarushwa na kila kitu kinakimbia. Kwa kuwa ni fupi, inafaa mwezi ambao watu wana haraka, mfano Ramadhani baada ya tarawehe au mwisho wa mwaka.

Touki Bouki iwe ya nne, isiwe ya kwanza hata kama ndiyo filamu ya Kiafrika inayotajwa sana kisandukuni. Makundi mengi hukosea hapa. Wanasema tuanze na ya kwetu, wanaiweka, na baada ya dakika 20 nusu ya watu wako kwenye simu. Djibril Diop Mambéty hakuisimulia kwa kufuata mstari. Mory, mchunga ng'ombe mwenye pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe, na Anta, mwanafunzi wa chuo, wanasaka hela ya kupanda meli kwenda Paris. Ndivyo ilivyo hadithi, lakini picha zinaruka mbele na nyuma, na wimbo wa Josephine Baker wa kuisifia Paris unarudi na kurudi hadi unakuwa dhihaka.

Sauti na picha mara nyingi haziendi pamoja, na ni kwa makusudi. Usisimamishe mashine kutafuta kosa. Na watahadharishe watu kwamba ng'ombe wanaochinjwa mwanzoni wanachinjwa kweli; tukio ni refu, damu haifichwi. Wenye kukereka watoke kwanza, warudi baada ya dakika chache. Chakula kisigawiwe kabla.

Jina lina maana ya safari ya fisi kwa Kiwolof, na hapa Mswahili ana ufunguo ambao kitabu cha maelezo kilichomo kisandukuni hakina. Njia mbili zilimshinda fisi. Iandike methali hiyo ubaoni kabla ya filamu, usiieleze. Taa zikiwaka, uliza: fisi ni yupi, na njia ni zipi? Wapo watakaosema fisi ni Mory, wengine watasema ni wale matajiri wanaoibiwa nguo, mwingine atasema ni Dakar yenyewe. Pikipiki ile ya pembe inastahili dakika 10 za peke yake: mtu aliyeacha ng'ombe lakini amewafunga mbele ya mashine yake. Beyoncé na Jay-Z waliinakili kwenye picha ya tangazo la ziara yao mwaka 2018, na vijana wa kundi wakiambiwa hivyo hukaa wima ghafla.

Trances ya Ahmed El Maanouni ni ya tano, na tunaipita haraka kwa sababu haitaki maneno mengi. Inahusu Nass El Ghiwane, bendi ya Casablanca iliyochanganya mashairi ya kale, ngoma za Gnawa na malalamiko ya mtaani. Ndiyo filamu ya kwanza kurejeshwa na mradi huu, mwaka 2007. Ongeza sauti, kaeni kimya, kisha kila mtu ataje wimbo wa kwao unaofanya kazi ileile. Nusu saa inatosha.

Titas iwe ya mwisho. Ritwik Ghatak alizaliwa Dhaka mwaka 1925, akashuhudia Bengal ikikatwa vipande viwili, na filamu hii ya kijiji cha wavuvi ambao mto wao unakauka imebeba majonzi hayo bila kuyataja. Bibi harusi anatekwa na majambazi mtoni kabla hajajua hata jina la mume wake, mume anapata wazimu, miaka inapita. Inazidi saa mbili na nusu, kwa hiyo igawe usiku wawili. Mahali pazuri pa kukatia ni baada ya mama kufa na mtoto Ananta kubaki yatima, kwa sababu baada ya hapo filamu inaacha familia na kugeukia kijiji kizima. Ukikatia mahali pengine watu watarudi wamechanganya nani ni nani. Bandika ukutani karatasi yenye majina ya wahusika na uhusiano wao, herufi kubwa, ibaki hapo usiku wote.

Tatizo la maandishi

Udhaifu mkubwa wa kisanduku kwa kundi la Waswahili ni huu: maandishi ya tafsiri ni ya Kiingereza peke yake. Hata kwa watu wanaosoma Kiingereza kazini kila siku, kusoma kwa kasi ya mazungumzo kwa saa 2 kunachosha, na anayesoma chini haoni uso ulio juu.

Njia tatu zipo. Ya kwanza ni ya kibanda umiza: mtu anasimama na kipaza sauti na kusimulia, kama Lufufu alivyofanya Tanzania na DJ Afro anavyofanya Kenya. Tunaiheshimu sanaa hiyo, na kwa Susuz Yaz inaweza kufanya kazi vizuri sana. Kwa Touki Bouki na Trances inaua kila kitu, kwa sababu sauti ndiyo filamu.

Ya pili ni karatasi moja ya muhtasari, kurasa 2 kwa wingi, anayopewa kila mtu kabla. Weka majina ya wahusika, uhusiano wao na mambo 5 yatakayotokea hadi katikati, mwisho usiandike. Ni nafuu na inatosha kwa Redes na Titas.

Ya tatu ni kutengeneza maandishi ya Kiswahili yenyewe. Filamu ya dakika 90 yenye mazungumzo ya kawaida huwa na mistari mia kadhaa, hata kukaribia 1,000, hivyo gawaneni watu 3 au 4, lakini mmoja apitie yote mwishoni ili wewe, nyinyi, kaka na bwana visibadilike kila baada ya dakika 20. Mstari usizidi herufi 40 hivi, na isiwe zaidi ya mistari 2 kwa mara moja. Kiswahili kina maneno marefu. "Hatutakuruhusu uendelee kutuzibia" imekaribia kuujaza mstari. Punguza bila huruma, andika "usituzibie". Hifadhi faili kwa mtindo wa SRT (faili la maandishi lenye muda wa kila mstari) na usimbaji wa herufi wa UTF-8. Kwenye VLC zima kwanza maandishi ya Kiingereza, la sivyo yatapandana na yenu.

Maandishi yakitangulia au yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, tumia vitufe vya G na H kuyasogeza. Lakini kama mwanzoni yako sawa na kadiri filamu inavyokwenda yanazidi kupotea, tatizo ni kasi ya picha: faili limepimwa kwa picha 25 kwa sekunde na filamu inakwenda kwa karibu 24. Tofauti ni kama asilimia 4, na kwa filamu ya dakika 90 hiyo ni zaidi ya dakika 3 mwishoni. G na H hazitakusaidia. Badilisha kasi ndani ya faili lenyewe kwa programu ya kuhariri maandishi, na ulijaribu hadi dakika ya mwisho siku moja kabla.

Majadiliano

Kila filamu ina utangulizi mfupi wa Scorsese mwenyewe. Onyesha kabla, hauharibu kitu. Mahojiano na wataalamu, mfano Abderrahmane Sissako juu ya Touki Bouki au Fatih Akin juu ya Susuz Yaz, yaache kabisa hadi mkutano unaofuata. Ukiyaweka mara baada ya filamu, watu wataanza kurudia aliyosema mtaalamu na hawatasema waliyoyaona.

Mapumziko yasizidi dakika 10: chai ya tangawizi, kashata, choo. Yakifika 25, mazungumzo mazuri yanaishia uani na mkirudi ndani kila mtu ameshatua mzigo wake. Geuza viti viwe duara wakati wa mapumziko hayo.

Mzunguko wa kwanza kila mtu ataje picha moja aliyoikumbuka, bila kusema nzuri au mbaya. Mpangilio wa kuongea ni muhimu kuliko maswali. Mzee akiongea wa kwanza na kutoa hukumu, vijana watasema "kama alivyosema mzee" hadi mwisho. Anza na mdogo kuliko wote, na mzee apewe nafasi ya kufunga mzunguko. Ni heshima kwake na ni uhuru kwa wengine. Kwa Hanyo, ambako mambo ni ya aibu zaidi, tumia vikaratasi visivyo na majina vilivyosomwa na mwendeshaji.

Andaa matukio 2 tu ya kurudia, kila moja dakika 3 au 4, na uwe na muda wake umeandikwa. Kutafuta tukio kwa rimoti mbele ya watu 12 kunamaliza hamu. Saa 1 ya mazungumzo inatosha.

Bei, ruhusa na kinachofuata

Bei ya orodha ni dola 124.95, kabla ya usafirishaji na ushuru. Duka la vitabu la Barnes & Noble kule Marekani lina desturi ya kupunguza diski za Criterion kwa nusu bei Julai na Novemba, kwa hiyo mwenye ndugu anayekuja likizo Desemba amwagize mapema. Huduma ya kutazama ya Criterion Channel imewekwa kwa Marekani na Kanada tu. Kwa watu 12 wakichanga nusu bei, kila mmoja analipa kama dola 5 kwa miezi saba ya mikutano.

Leseni ya diski ni ya kutazama nyumbani. Sebule ya mwanakikundi bila kiingilio ni jambo moja. Ukumbi wenye tiketi na bango ni jingine, na hapo unahitaji ruhusa ya mwenye haki na kuzungumza na Bodi ya Filamu ukiwa Tanzania, au KFCB, bodi ya kuainisha filamu, ukiwa Kenya.

Asiyefaa kununua ni mwenye deki ya Blu-ray ya kanda B anayetaka picha kali tu, na kundi ambalo hakuna hata mtu mmoja aliye tayari kukaa na faili la maandishi usiku kadhaa. Kwa wengine, nunueni. Na mkiona kimewakolea, msivifuate visanduku kwa namba: rukeni hadi cha 4 cha mwaka 2022, chenye Sambizanga ya Sarah Maldoror (1972), ambamo Maria anamfunga mtoto mgongoni na kwenda kituo hadi kituo kumtafuta mume wake aliyekamatwa na polisi wa Kireno Angola, pamoja na Muna Moto ya Kameruni (1975), kisa cha mahari. Hiyo ya pili itazameni mkiikumbuka Susuz Yaz, na hasira mliyokuwa nayo kwa Osman.